Mtoto anayekohoa miaka mitatu bila kuwa na kikohozi: tujadili sauti zinazomtoka mtu bila hiari yake

Tabibu wa Zamu (mwanzisha uzi):

Wanajukwaa, salaam. Mimi ni tabibu katika kituo cha afya, kazi ninayoifanya kwa mwaka wa 14 sasa, na uzi huu nauandika kwa sababu ugonjwa ninaotaka kuueleza ulikaa nyumbani kwangu miaka mitatu, tukila nao na kulala nao, bila mimi kuutambua.

Kijana wangu alipokuwa na umri wa miaka 5 alianza kupepesa macho kwa nguvu. Tulimpeleka kliniki ya macho, akapewa matone ya mzio, na baada ya mwezi mmoja kupepesa kukaisha. Alipofika miaka 6 akaanza kusafisha koo, "hm, hm", mbili mbili, tangu anapoamka hadi anapopata usingizi. Nilimpa dawa ya kikohozi, kisha seterizini, kisha amoksilini ambayo hakuihitaji, kisha dawa ya minyoo. Nikampima kifua kikuu na kumpiga picha ya kifua, na kote huko hakikuonekana kitu. Kila dawa ilionekana kumsaidia kwa wiki mbili tatu, halafu sauti ikarudi. Alipotimiza miaka 8, wakati wa likizo, bibi yake alimpeleka kwa mkata vimeo, tena kwa nia njema kabisa, maana kijijini kwetu mtoto anayekohoa bila kupona husemwa kwamba kimeo chake kimerefuka na kinamtekenya koo. Alitoka damu hadi shati likalowa. Baada ya siku kumi kukohoa kulipungua kweli, na simu zikapigwa ukoo mzima kumsifu yule mzee. Wiki ya sita mtoto akaanza kutoa mlio mwembamba kama wa kifaranga aliyepotezana na mama yake, mlio ambao hatukuwahi kuusikia kwake.

Hapo ndipo nilipoketi naye na kumuuliza jambo ambalo miaka yote hiyo sikulifikiria: kabla sauti haijatoka, unasikia nini? Akanijibu, "Baba, ni kama kuna mchanga kooni. Nikitoa sauti unaondoka, halafu unarudi." Nilikuwa nimesoma maneno yanayofanana na hayo chuoni, katika ukurasa mmoja ambao sote tuliuruka kwa kuwa haukutokea kwenye mtihani.

Madaktari huita jambo hili tiki, na naomba msichanganye na ile alama ya mwalimu kwenye daftari. Tiki ni tendo la ghafla, fupi, linalojirudia bila mpigo maalumu. Ikiwa ni ya misuli, mtu hupepesa macho, hutikisa shingo, hupandisha bega au hukunja uso. Ikiwa ni ya sauti, husafisha koo, hukoroma, huvuta kamasi ambazo hazipo, huguna, hupiga ukelele, au hutoa neno zima lisilohusiana na mazungumzo. Wapo wanaorudia maneno ya wenzao, na wapo wanaorudia ya kwao wenyewe. Mtu akiwa na tiki mbili au zaidi za misuli pamoja na angalau moja ya sauti, hata kama hazikutokea kwa wakati mmoja, zikadumu zaidi ya mwaka tangu ya kwanza ilipoonekana, zikaanza kabla hajafika miaka 18 na zisiwe zimeletwa na dawa au ugonjwa mwingine, hapo tunasema ana ugonjwa wa Tourette. Hakuna kipimo cha damu wala picha ya ubongo inayouthibitisha. Unathibitishwa kwa historia, na historia ya mwanangu ilikuwa imeandikwa katika madaftari mawili ya kliniki tofauti ambayo hakuna aliyeyasoma kwa pamoja, nikiwemo mimi.

Jina hilo linatoka kwa Mfaransa Georges Gilles de la Tourette, mwanafunzi wa Jean-Martin Charcot katika hospitali ya Salpêtrière mjini Paris, ambaye mwaka 1885 alichapisha maelezo ya wagonjwa 9. Mmoja wao, mwanamke wa ukoo wa kikabaila, alikuwa amekwisha kuelezwa na daktari Jean Itard tangu mwaka 1825: alianza kupata mishtuko akiwa na umri wa miaka 7, na utu uzima wake wote matusi mazito yalikuwa yakimtoka mbele ya wageni wake waheshimiwa. Kisa hicho ndicho kilichougharimu ugonjwa huu sifa yake, kwa sababu hadi leo wengi wanadhani kwamba asiyetukana hana Tourette, ilhali wanaotokwa na matusi ni takriban mgonjwa mmoja kati ya kumi. Hao nao hawachagui. Ubongo wao huangukia lile neno ambalo jamii yao imelikataza zaidi, na wamewahi kuelezwa viziwi ambao matusi yaliwatoka kwa mikono, katika lugha ya alama.

Chanzo chake kimo ndani ya ubongo, kwenye vishada vya seli viitwavyo ganglia za msingi, ambavyo kazi yake, kwa lugha nyepesi, ni kama ya bawabu: gamba la ubongo hutuma mapendekezo mengi ya matendo, na bawabu huruhusu moja lipite na kuyafungia mengine nje. Katika Tourette lango hilo halifungi sawasawa, na kemikali ya dopamini, ambayo ndiyo hupunguza au kuzidisha ukali wa bawabu, inahusika kwa kiasi kikubwa. Urithi una nafasi kubwa, ingawa si wa jeni moja. Nilipowahoji wazee nikagundua kwamba baba yangu mdogo, marehemu, alijulikana mtaani kwa jina la utani la kukoroma akiwa macho, na sisi watoto tulikuwa tukimwigiza.

Sasa nije kwenye mambo mawili yaliyonifanya niandike, ambayo naona ndiyo yanayowapoteza wazazi, walimu, na sisi watoa huduma.

La kwanza ni kwamba tiki hupanda na kushuka zenyewe. Hukolea kwa majuma kadhaa, hupoa, hubadilika umbo, huhama kutoka machoni kwenda kooni. Mzazi humpeleka mtoto kutafuta tiba pale hali inapokuwa mbaya zaidi, yaani kwenye kilele, na baada ya kilele hufuata mteremko hata asipopewa chochote. Kwa hiyo yeyote aliyemshika mtoto siku ile ya kilele huondoka na sifa: mwenye matone ya macho, mwenye amoksilini, mkata kimeo, mwombezi, na mwenye kombe. Ugonjwa wa namna hii humpa kila mganga ushahidi, na ninajihesabu humo, kwa kuwa dawa yangu ya minyoo nayo "iliponya" kwa siku 19.

La pili ni kwamba tiki huweza kuzuiwa kwa muda. Mtoto hukaa kimya msikitini au kanisani, hukaa kimya mbele ya mwalimu mkali, kisha akifika nyumbani sauti humtoka mfululizo. Watu wakiona hivyo husema, "Kumbe anaweza kunyamaza! Basi ni tabia." Fikiria umesimama kwenye gwaride na mbu ametua shingoni mwako. Unaweza kutojikuna, lakini akili yako yote inakuwa kwenye ule mwasho, na kiongozi wa gwaride akisema jambo hulisikii. Mtoto anayezuia sauti darasani yuko katika hali hiyo kwa dakika zote 40 za kipindi, na ndiyo maana alama zake zinashuka ingawa hana upungufu wa akili.

Kuhusu tiba nitaeleza baadaye kadiri mtakavyouliza. Karibuni.

Msomaji wa Usiku:

Daktari, nashukuru kwa uzi ulioandikwa kwa utulivu. Hata hivyo ninalo swali ambalo najua wengi wanalo ila wanaona haya kuliuliza. Mimi ni mtu wa dini, na nimewahi kushuhudia mtu anasomewa, naye akatoa sauti ambazo si zake, kisha akatulia. Je, unasema hayo yote ni ubongo?

Tabibu wa Zamu:

Mkuu, kwanza mimi ni tabibu, si daktari. Tuachie waliosota miaka mitano haki yao. Sitajibu kuhusu uliyoyashuhudia, kwa kuwa sikuwapo. Ninachoweza kusema ni kwamba tiki ina sura yake: ni fupi, mhusika anajitambua wakati wote, anakumbuka kila kitu, mara nyingi anahisi mwasho au mkandamizo kabla, na anapata nafuu ya sekunde chache baada ya kuitoa. Huzidi akiwa na wasiwasi, uchovu au furaha kubwa, na hupungua akizama katika shughuli anayoipenda. Mwanangu huwa hatoi hata mlio mmoja akichora. Yupo kipa Mmarekani, Tim Howard, aliyedakia Manchester United na Everton, ambaye ana Tourette na ameizungumzia hadharani. Mwaka 2014, katika Kombe la Dunia, alipangua mashuti ya Wabelgiji kwa dakika 120 huku mwili wake ukitii kila alichouagiza. Na kumwombea mtoto hakuna ubaya wowote, mimi mwenyewe namwombea. Ubaya huja pale anapofungwa kamba, anaponyimwa chakula, au anapoambiwa kuna mtu mwovu ndani yake, kwa sababu hofu hiyo huongeza zile zile sauti ambazo tunataka zipungue.

Jambo hili limewatesa wengi kabla yetu, na si waganga wa kienyeji peke yao waliokosea. Kwa sehemu kubwa ya karne iliyopita madaktari wa Ulaya na Marekani walishikilia kwamba tiki ni migogoro ya nafsi iliyofichika, na wagonjwa wakalazwa kwenye makochi miaka na miaka wakieleza utoto wao. Mwaka 1968 Arthur Shapiro na mkewe Elaine, wa New York, walichapisha maelezo ya mgonjwa aliyepata nafuu kubwa kwa dawa ya haloperidoli, na wakaipinga nadharia ile waziwazi: dawa inayopunguza kazi ya dopamini ikipunguza na sauti, basi tuutazame ubongo.

Mama wa Watatu:

Kaka Tabibu, hongera kwa ujasiri wa kusema ulikosea. Naomba unisaidie kutofautisha. Binti yangu wa miaka 9 ameanza kuguna na kuchezesha mikono kwa muda wa wiki tatu sasa. Mwandiko wake umeharibika, anaangusha vikombe, na analialia bila sababu. Je, hiyo nayo ni Tourette?

Tabibu wa Zamu:

Dada yangu, hili usilisubirishe. Mpeleke hospitali kesho asubuhi, na uwaambie wazi kwamba unataka achunguzwe koo, damu na moyo. Simtibu mtoto nisiyemwona, lakini ulivyoeleza kunanikumbusha ugonjwa wa Sydenham, unaobeba jina la tabibu Mwingereza wa karne ya 17. Huwapata zaidi watoto wa miaka 5 hadi 15, majuma au miezi kadhaa baada ya maumivu ya koo yaliyosababishwa na bakteria wa streptokoka: kinga ya mwili, iliyojiandaa kupigana na bakteria, hushambulia kwa makosa zile zile ganglia za msingi, na mara nyingi hushambulia pia vali za moyo.

Tofauti yake na tiki huonekana ukitazama kwa subira. Tiki hurudi na sura ile ile, ilhali hapa mikono na uso hutiririka tu, kila tendo likizaa jingine, na mtoto hawezi kuyazuia hata kwa dakika moja. Mwambie atoe ulimi na auache nje. Utaona unaingia na kutoka kama wa mjusi. Mwambie akushike vidole viwili na akaze; utahisi anakaza na kulegeza, anakaza na kulegeza, kama mtu anayekamua ng'ombe. Kudondosha vikombe, mwandiko kuharibika na kulialia ni sehemu ya picha hiyo. Ugonjwa wenyewe kwa kawaida hupoa ndani ya miezi, ila moyo unaweza kubaki na kovu la kudumu, na ndiyo sababu watoto hawa huchomwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki tatu au nne kwa miaka mingi. Katika nchi zetu, ambako vali za moyo zilizoharibiwa hivyo bado zinawaua vijana, kuguna kwa mtoto kwa wiki tatu si jambo la kulifanyia utani.

Kwa kuwa umenigusia suala la kutofautisha, niongeze mengine kwa ufupi. Kifafa nacho kinaweza kuanza na ukelele au hata kicheko kisicho na furaha, lakini mara nyingi mgonjwa hupotewa na fahamu au hushindwa kujibu, na hali hiyo inaweza kumjia hata usingizini. Baada ya kiharusi, wapo wanaolia au kucheka kwa nguvu bila kuhisi huzuni wala furaha, kwa sababu nyaya zinazodhibiti uso na sauti zimekatika. Tafadhali msidhani kwamba mzee amekuwa mtoto. Dawa za kichefuchefu na za magonjwa ya akili zinaweza kuleta mishtuko ya taya, ulimi na koo. Na mtu mzima wa miaka 40 anayeanza kutoa sauti kwa mara ya kwanza maishani si wa kuambiwa ana Tourette. Atafutiwe chanzo kingine.

Msomaji wa Usiku:

Naomba nirejee tena. Mwaka juzi katika shule moja ya wasichana walianguka na kupiga kelele kwa makundi, shule ikafungwa. Hao tuwaweke wapi?

Tabibu wa Zamu:

Swali zuri, na Tanzania ina kisa cha aina hiyo kinachosomwa duniani kote. Tarehe 30 Januari 1962, wakati Tanganyika haijatimiza hata miezi miwili ya uhuru, wasichana 3 wa shule ya bweni ya misheni huko Kashasha, jirani na Bukoba, walianza kucheka na kulia bila kuweza kujizuia. Hadi shule inafungwa tarehe 18 Machi, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa. Waliporudishwa nyumbani hali ikaenda nao. Katika eneo la Nshamba walipatwa watu 217. Wahaya waliuita enwara yokusheka, ugonjwa wa kucheka. Madaktari Rankin na Philip walichunguza damu, chakula na maji, hawakupata sumu wala kimelea, na taarifa yao ya mwaka 1963 inaonyesha kwamba walimu hawakupatwa hata mmoja.

Wale wasichana hawakuwa wakiigiza. Ubongo wenye shinikizo kubwa unaweza kutoa dalili halisi bila kuwa na kidonda, na dalili hizo huambukizana kwa macho na masikio. Jambo hilo hilo lilionekana mwaka 2020 na 2021, wakati wa korona, pale vijana wengi, hasa wasichana, walipofika kliniki za Uingereza, Ujerumani, Kanada na Marekani wakitokwa na maneno na mishtuko iliyofanana na ile ya watu waliokuwa wakiwatazama mtandaoni. Tourette huanza taratibu, mara nyingi kati ya miaka 4 na 6, huanzia usoni, na huwapata wavulana mara tatu au nne zaidi ya wasichana; hawa walianza ghafla wakiwa na miaka 14 au 17, na wengine wakawa na sentensi nzima nzima ndani ya siku moja. Nao ni wagonjwa, ila tiba yao si haloperidoli, ni kuutafuta mzigo waliobeba na kuushusha.

Mwalimu wa Darasa la Tano:

Ndugu Tabibu, nimesoma uzi huu kuanzia juu hadi hapa nikiwa na uzito moyoni. Nina mwanafunzi anayekoroma darasani, na muhula uliopita nilimchapa mara mbili nikiamini ananidhihaki mbele ya wenzake. Mtoto huyu nifanye naye nini, na je, dawa ipo?

Tabibu wa Zamu:

Mwalimu, kwanza sauti yake usiitaje kabisa, si kwa kumkemea wala kwa kumhurumia. Kadiri inavyosemwa ndivyo anavyoifikiria, na kadiri anavyoifikiria ndivyo inavyomjia. Mweke pembeni mwa darasa karibu na mlango, na mkubaliane ishara ya kutoka nje dakika mbili akaiachie sauti yake huko. Wakati wa mtihani mpeni chumba chake ikiwezekana, kwa ajili yake na kwa ajili ya wenzake. Wenzake waambie ukweli kwa sentensi moja, mwanangu aliomba kuisema yeye mwenyewe: "Ubongo wangu una kwikwi, haiumi, na haiambukizi." Jioni ile alirudi nyumbani akiwa na marafiki wawili.

Dawa ipo, ingawa wengi hawaihitaji. Tiki nyingi hufikia kilele kati ya miaka 10 na 12, kisha hupungua kadiri kijana anavyokua, na mtoto asiyeumia wala kuchekwa anaweza kusubiriwa. Kinachotangulizwa siku hizi ni mafunzo: mtoto hujifunza kuutambua ule mwasho unapoanza, kisha hufanya tendo jingine linaloizuia sauti isipite, kwa mfano kufunga mdomo na kuvuta pumzi taratibu kwa pua hadi mwasho upite. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2010, wenye watoto 126, ulionyesha kwamba vikao 8 katika wiki 10 viliwapa nafuu ya wazi zaidi ya nusu ya waliofunzwa, dhidi ya chini ya theluthi moja ya wale waliopewa ushauri wa kawaida. Nimemfundisha mwanangu mwenyewe kwa kufuata maelekezo ya mtaalamu wa afya ya akili wa hospitali ya rufaa, na hilo la pumzi limeupunguza ule mlio wa kifaranga. La kusafisha koo bado linatushinda.

Mafunzo yakiwa hayatoshi, zipo klonidini, risperidoni, aripiprazoli na haloperidoli, zote zikitolewa na kufuatiliwa na daktari. Haloperidoli ndiyo ya zamani na ndiyo inayopatikana kirahisi, lakini inaweza kumfanya mtoto asinzie darasani, na wakati mwingine kuikaza shingo yake ikageuka upande mmoja. Tukio hilo hutibika upesi, ila mzazi asiyeambiwa mapema hukimbilia tena kwa mganga. Muulizieni pia daktari kuhusu kutotulia na kutozingatia, na mawazo na matendo ya kujirudia, kwa maana wengi wa watoto hawa wana mojawapo au yote mawili, na mara nyingi hayo ndiyo yanayowaangusha shuleni kuliko sauti yenyewe.

Mama wa Watatu:

Mrejesho, kaka. Tumekwenda leo. Wamemchukua damu, na kipimo cha moyo kimepangwa Alhamisi. Ulimi wake haukukaa nje.

Tabibu wa Zamu:

Ahsante kwa kurudi kutuambia, dada. Usikose siku ya Alhamisi, na uombe matokeo yaandikwe kwenye daftari moja.

Na nyinyi wengine ambao watoto wenu wana tiki, jambo moja nililosahau: mrekodi mtoto kwa simu akiwa nyumbani, akiwa ametulia na hajui anarekodiwa, kisha mwonyesheni daktari. Mwanangu nilipomfikisha kwa mtaalamu, alikaa dakika 50 mbele yake kimya kama maji ya mtungini, nami nikaonekana mzazi mwenye mashaka ya bure, hadi nilipotoa simu mfukoni.